Risasi ya Ndovu Ukambani: Ipi Ilitosha, Ipi Inatosha?

Kati ya tarehe 29 Agosti 1944 na tarehe 31 Oktoba 1946, mtu mmoja aliua vifaru 996 katika vichaka vya Makueni. Jina lake ni John Alexander Hunter, Mskoti aliyezaliwa 1887 na kufika Kenya 1908, na kazi hiyo alipewa na idara ya wanyama ya serikali ya kikoloni. Sababu ilikuwa ardhi. Wakamba walikuwa wamebanwa katika eneo walilotengewa Machakos, udongo umechoka, malisho hayatoshi. Mwaka 1938 serikali ilipowapunguzia ng'ombe kwa nguvu, Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu kwenda Nairobi kwa miguu kupinga. Vita Kuu ya Pili ilipokaribia kwisha, serikali ikaona njia ni kuifungua Makueni ili watu wahamie huko. Makueni ilikuwa na miiba, mbung'o na vifaru. Miiba ikafyekwa, vifaru wakapigwa risasi.

Watu wa bunduki wana ubishi wao wa miaka mingi: ni risasi gani hasa inayofaa kwa mnyama mkubwa, yaani ndovu, kifaru na nyati? Ubishi huo huendeshwa kwa tarakimu za viwandani, na kila mmoja hutetea bunduki aliyoirithi au anayoitamani. Mimi nadhani nchi hii kavu inayoanzia Kibwezi na Mtito Andei hadi Mutomo na Ikutha ina haki ya kusema neno lake. Hapa risasi kubwa zilitumika kama jembe linavyotumika, kila siku, kwa umbali wa hatua chache, katika kichaka ambamo mnyama husikika kabla ya kuonekana.

Huenda ukauliza faida ya kulijadili jambo hili leo, Kenya ikiwa imepiga marufuku uwindaji tangu Mei 1977. Faida ipo. Usiku ndovu wakiingia katika ndengu na mahindi ya mtu kusini mwa Kitui, anayeitwa ni askari wa wanyamapori. Mara nyingi huwafukuza tu, na hilo ndilo jema. Lakini siku ikifika ya kuua, kwa sababu mtu amekufa au mnyama ameshajeruhiwa, risasi iliyo mkononi mwa askari huyo ndiyo itakayoamua kama ndovu ataanguka papo hapo au atarudi kichakani na jeraha, amkute kesho mama anayetoka kuchota maji.

Tuanze na maneno ya kazi, maana huko ndiko watu wengi hupotelea. Risasi nzima ina vitu vinne: ganda, fataki, baruti na kichwa kinachoruka. Namba zinazotajwa, .375, .416, .458, ni upana wa kichwa hicho kwa sehemu za inchi. Risasi ya .375 ina upana wa milimita 9.5, ya .416 milimita 10.6, ya .458 milimita 11.6. Lakini majina haya yana udanganyifu wake. Risasi iitwayo .404 ina kichwa cha milimita 10.7, kipana kuliko cha .416, na ile iitwayo .470 ina kichwa kinachofikia milimita 12. Majina yalitolewa na wauzaji wa bunduki wa London, kila mmoja kwa desturi yake.

Kizazi cha kwanza cha risasi hizi kilizaliwa mwaka 1898, John Rigby alipotoa .450 yenye baruti mpya isiyotoa moshi. Kabla ya hapo mwindaji wa ndovu alibeba bunduki nzito mno ya baruti nyeusi, na baada ya mlio mmoja moshi ulimfunika asione mnyama amekwenda wapi. Risasi hiyo ya .450 ilizifuta zile za zamani karibu kwa siku moja. Kisha mwaka 1907 serikali ya Uingereza ikazuia risasi za upana huo kuingizwa India na Sudan, kwa hofu kwamba waasi wangezitumia katika bunduki za kijeshi za zamani aina ya Martini-Henry. Wauzaji hawakukubali kulala njaa. Walizalisha .465, .470, .475 na .476, zote zikifanya kazi ile ile kwa upana tofauti kidogo ili kukwepa sheria. Kwa hiyo msomaji asifikiri kwamba utitiri huu wa namba ulitokana na utafiti juu ya ndovu. Sehemu kubwa yake ilitokana na siasa za India.

Ndugu wawili waliofuata walikuwa wa bunduki ya komeo, ile ambayo mpigaji huvuta na kusukuma komeo lake kwa mkono baada ya kila mlio. Mmoja ni .404 ya duka la Jeffery. Mwingine ni .416 ya Rigby, ya mwaka 1911. Mwaka uliofuata Holland & Holland wakatoa .375, ambayo hadi leo ndiyo kiwango cha chini kisheria kwa mnyama wa hatari katika nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji. Bunduki ya mitutu miwili ilikuwa ya matajiri na wawindaji wa kulipwa, kwa sababu kuiunganisha mitutu miwili ipige mahali pamoja ni kazi ya fundi wa miezi mingi. Bunduki ya komeo ilikuwa ya mtu wa kazi. Serikali za kikoloni za Kenya na Tanganyika zilipowapa askari wao bunduki za kulinda mashamba dhidi ya ndovu, ziliwapa .404. Namheshimu mtu aliyefanya uamuzi huo, na nitaeleza kwa nini.

Kichwa cha .404 kina uzito wa gramu 26 na hutoka mtutuni kwa mita 650 hivi kwa sekunde. Nguvu yake ni jouli kama 5,500. Kwa karatasi, hiyo ni ndogo. Risasi ya .375 yenye kichwa cha gramu 19.4 hutoka kwa mita 770 na hubeba jouli 5,700 na ushei. Ile ya .416 hukaribia 6,900. Zile za .470 pia ni 6,900 na kitu, .505 ya Gibbs hupita 8,000, na .600, jabali la jamii nzima, hurusha kichwa cha gramu 58 kwa jouli 10,000. Ukisoma orodha hiyo kutoka chini kwenda juu utasema .404 ndiyo dhaifu ya mwisho. Lakini ndiyo iliyolinda mashamba kwa miongo kadhaa, mikononi mwa watu wasiolipwa vizuri na waliokuwa na risasi chache.

Siri iko katika namna ya kuhesabu nguvu. Kanuni ya fizikia huzidisha mwendo kwa mwendo, kwa hiyo kichwa chepesi chenye kasi huonekana mbabe. Ndovu hafi kwa hesabu hiyo. Ubongo wa ndovu mkubwa una uzito wa kilo tano hivi, umelala nyuma kabisa ya fuvu, na mbele yake pana mfupa wenye vyumba vyumba kama sega la asali. Mpigaji aliyesimama mbele ya ndovu anahitaji kichwa kipite zaidi ya nusu mita ya mfupa na nyama bila kupinda njia, bila kupasuka, bila kugeuka ubavu. Kikigeuka, kimekwisha. Kikipasuka, kimekwisha. Kikipita juu kwa upana wa viganja viwili, ndovu atatikisa kichwa kama aliyepigwa kofi na ataendelea kuja.

Ndiyo maana kwa mnyama mwenye ngozi nene hutumika kichwa kigumu, kilichofunikwa chuma au shaba nene hadi puani, wala si kile laini kinachofunguka kama ua ndani ya nyama. Kile laini ni cha simba na chui. Theodore Roosevelt aliposhuka Kapiti kutoka kwenye treni mwezi wa Aprili 1909 na kuanza safari ambayo yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512, alikuwa na Winchester ya .405 ambayo kwa simba aliisifu kama dawa. Kwa ndovu na kifaru alishika bunduki nyingine, Holland ya mitutu miwili ya .500/450. Alielewa kwamba ukubwa wa tundu si jambo lile lile na urefu wa njia.

Njia hiyo inategemea mambo matatu: uzito wa kichwa ukilinganishwa na upana wake, ugumu wake, na umbo la pua yake. Kichwa kirefu chenye pua butu husafiri moja kwa moja ndani ya nyama. Kifupi huchoka mapema. Chenye ncha kali hupinduka. Kwa kipimo hiki .404, .416, .458 na .470 zote zinakaa darasa moja, kwa sababu zote ni ndefu kwa upana wake na zote hazina haraka ya kupita kiasi. Mwendo wa mita 650 hadi 720 kwa sekunde unatosha kukisukuma kichwa hadi ubongoni, na hauzidi kiasi cha kukivunja.

Mfano wa kuzidi upo. Mwaka 1958 kiwanda cha Marekani cha Weatherby kilianza kuuza .460, kichwa cha gramu 32 kwa mita karibu 790 kwa sekunde. Nguvu yake inalingana na ya .600 ya Waingereza, jouli 10,000. Tazama sasa jinsi namba moja inavyoweza kuficha vitu viwili visivyofanana. Ile ya .600 hurusha donge zito la polepole kutoka kwenye bunduki ya kilo saba. Hii nyingine hurusha kichwa cha kawaida kwa kasi, kutoka kwenye bunduki nyepesi zaidi, na teke lake begani ni la ghafla na la kikatili. Vichwa vya zama hizo havikuundwa kwa kasi hiyo. Tarakimu ni moja, mambo ya kichakani ni mawili.

Tena kuna joto, na hapa nchi ya Kibwezi ina ushahidi wake. Baruti ya Kiingereza ya zamani, iliyokuwa kama nyuzi nyembamba za tambi kavu, ilichukia jua. Ganda likikaa kwenye mkanda saa sita mchana nyuzi 35 kivulini, msukumo ndani ya mtutu hupanda, ganda huvimba, na mpigaji akivuta komeo haliji. Anayehitaji risasi ya pili wakati huo hana la kufanya. Rigby na Jeffery walijibu tatizo hili kwa ganda kubwa kuliko lilivyohitajika, ili baruti ipate nafasi na msukumo ubaki chini. Ganda la .416 linaonekana la kifahari. Ukweli ni kwamba ni ganda la woga mzuri, woga wa jua la tropiki.

Wamarekani waliofuata hawakuwa na woga huo. Mwaka 1956 Winchester walitoa .458, wakaiingiza katika bunduki ya bei ya mtu wa kawaida, na kwa miaka michache ikaenea Afrika nzima. Bahati iliwasaidia: kiwanda cha Uingereza cha Kynoch, kilichotengeneza karibu risasi zote za zamani, kiliacha kuzitengeneza katika miaka ya 1960. Wenye .470 na .404 wakabaki na bunduki nzuri zisizo na chakula. Hapo .458 ikawa mfalme kwa sababu ilipatikana, na sisemi hivyo kwa dharau. Risasi isiyopatikana Nairobi haina nguvu yoyote Mutomo.

Lakini .458 ilikuwa na ila. Ganda lake ni fupi, baruti iliyohitajika ilishindiliwa ndani kwa nguvu, na ikikaa muda mrefu iliganda na kuwaka vibaya. Karatasi ilisema kichwa cha gramu 32.4 kitatoka kwa mita 640 hivi. Baadhi ya maboksi yalitoa pungufu ya 600. Mtu aliyesimama mbele ya nyati hakujua ameshika boksi lipi. Mmarekani Jack Lott, aliyeumizwa na nyati Msumbiji mwaka 1959, aliirefusha risasi hiyo mwaka 1971 na kuipa mita 700 kwa sekunde kwa upana ule ule. Baruti za siku hizi zimeiponya .458 ya kawaida kwa kiasi kikubwa, na bado .458 Lott ndiyo ninayoiona kuwa jibu la kweli la Marekani kwa swali la Waingereza.

Sasa nirudi Makueni kwa Hunter. Yeye aliamini bunduki ya mitutu miwili, na ile ya .500 ndiyo aliyoisifu zaidi. Kichwa chake ni gramu 37, nguvu yake karibu jouli 8,000. Je, kifaru anahitaji yote hayo? Hapana. Kifaru ni mdogo kuliko ndovu, na .375 yenye kichwa kigumu humfikia moyo bila shida. Hunter hakuwa akichagua risasi ya kuua tu. Alichagua risasi ya kusimamisha. Hayo ni mambo mawili, na kuyachanganya ndiko kunakoharibu mjadala wote. Mnyama aliyepigwa moyo kwa risasi ya wastani atakufa, lakini ana sekunde kumi au zaidi za kufanya atakalo. Katika uwanda wa Kapiti sekunde kumi si kitu. Katika kichaka cha Makueni, kifaru akiwa hatua kumi na tano, sekunde kumi ni uhai wa mtu mzima na wa mfuatiliaji nyayo aliye mbele yake. Hapo upana na uzito vina maana, kwa sababu hata kichwa kikikosa ubongo kwa kiasi kidogo, pigo la donge zito humyumbisha mnyama na kumpa mpigaji nafasi ya mtutu wa pili.

Na mtutu wa pili ndio hoja kuu ya bunduki ile. Mpigaji habadilishi mkono, hashushi kitako, hahofii komeo kukwama kwa joto. Ana risasi mbili kwa hakika, basi. Mwenye komeo ana tatu au nne, zikiwa na mwanya katikati. Kwa mtu anayekabili vifaru kila siku katika kichaka kizito, ningempa mitutu miwili ya .470 na kumaliza mazungumzo. Kwa serikali inayotakiwa kuwapa silaha askari wengi, mitutu miwili ni ndoto, maana bei ya moja hununua bunduki za komeo za kituo kizima.

Kinyume cha Hunter ni W. D. M. Bell, Mskoti mwenzake, ambaye wawindaji walimwita Karamojo Bell kwa safari zake za Karamoja, Uganda. Aliua ndovu zaidi ya 1,000, na wengi wao kwa risasi ya milimita 7, kichwa cha gramu 11 chenye jouli kama 2,700, yaani nusu ya .404. Wapenda risasi ndogo humtaja kama shahidi wao. Shahidi ni wa kweli, lakini msikilize vizuri. Bell alisoma fuvu la ndovu kama fundi anavyosoma injini. Alipiga ndovu waliotulia, wengi katika nchi ya wazi, ambao bado hawajazoea mlio wa bunduki. Kichwa cha risasi yake kilikuwa kirefu, kigumu, chenye pua ya mviringo. Urefu wake kwa upana wake ni karibu sawa na wa .375. Bell hathibitishi kwamba udogo unatosha. Anathibitisha kwamba njia iliyonyooka hadi ubongoni ndiyo inayoua.

Hapo ndipo bunduki ya kijeshi inapoingia katika hesabu. Askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, hubeba G3 kwa sababu ya majangili, na kwa kazi hiyo wanahitaji silaha ya kijeshi. Risasi yake ya milimita 7.62 ina jouli 3,000 na zaidi, nyingi kuliko ya Bell. Anayehesabu kwa karatasi atasema basi inamtosha ndovu. Kichwa chake, hata hivyo, ni gramu 9.5 na kina ncha kali. Kiliumbwa kwa ajili ya binadamu, na ndani ya nyama nzito hupinduka. Wapo wapigaji mahiri wa Zimbabwe waliopunguza makundi ya ndovu kwa bunduki za 7.62, wakilenga ubongo kutoka ubavuni kwa karibu, mchana, kundi likiwa limezingirwa, wakiwa wamefanya kazi hiyo mara mamia. Huwezi kumchukua askari wa doria, ukampa tochi, ukampeleka shambani Kanziko saa nane za usiku, ukatarajia jambo hilo hilo. Atafyatua kumi, zitaingia kumi, na ndovu ataondoka nazo.

Wakamba na Wawaata walijua haya kabla ya Rigby kuzaliwa. Silaha yao ilikuwa mshale. Pinde za Wawaata wa Tsavo zilihitaji nguvu ya kuinua kilo 50 na zaidi kuzivuta, na kichwa cha mshale kilipakwa sumu inayopikwa kutokana na mti ambao Wakamba huuita kivai, kisha kikavishwa ngozi nyembamba sumu isikauke wala isimguse mwindaji. Sumu hiyo husimamisha moyo. Mshale hauna jouli za kutaja. Unachotakiwa ni kuingia kina cha kutosha katika tumbo la ndovu na kukaa. Kemia hufanya yaliyobaki. Kwa mshale huo, katikati ya karne ya 19, pembe zilitoka Kitui hadi pwani kwa misafara ya watu kama Kivoi, mfanyabiashara mkubwa aliyempokea Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, Krapf alipouona Mlima Kenya kutoka Kitui. Ukipima kwa kanuni ya kina na mahali, mshale wa kivai unaingia katika mjadala huu kama ndugu, ukikosa jambo moja tu: hausimamishi. Mwindaji wake alipiga na kujificha.

Jambo hili linaniuma kila nikilisoma. Tsavo ilitangazwa hifadhi mwaka 1948, miaka miwili baada ya Hunter kumaliza kazi. Mwaka 1956 na 1957 serikali ilifanya operesheni kubwa huko dhidi ya Wakamba na Wawaata waliowinda kwa mishale, na wengi wakafungwa. Mmoja alilipwa kuua vifaru karibu elfu kwa bunduki na akaandika vitabu. Wengine walikwenda jela kwa upinde. Sitetei ujangili. Nataka tu hesabu iwekwe mezani yote.

Baada ya hapo risasi ziliendelea, sasa za bunduki za kivita mikononi mwa majangili. Kenya ilikuwa na vifaru weusi kama 20,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walibaki chini ya 400. Ukitoka leo Emali kwenda Wote, katika nchi aliyoifyeka Hunter, utaona miembe, mbuzi na shule. Vifaru wa porini waliobaki karibu na hapo ni wachache wa milima ya Chyulu na wale wanaolindwa Ngulia.

Ndovu hali yao ni nyingine. Sensa ya 2021 iliwahesabu 36,280 nchini, na kundi kubwa kuliko yote ni la Tsavo, mpakani mwa mashamba ya Kibwezi, Mtito Andei, Mutomo na Ikutha. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inaahidi shilingi milioni tano kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, na wanaosubiri malipo hayo wanajua urefu wa foleni. Njia za kumzuia ndovu bila kumuua zipo na ndizo za kutangulizwa: ua wa mizinga ya nyuki uliojaribiwa Sagalla, Taita Taveta, unaowageuza ndovu wengi wanaoukaribia, ungestahili kuwa wa kwetu tangu mwanzo, kwa maana Mkamba na mzinga hawahitaji kutambulishwa. Vilevile maji ya kutosha ndani ya hifadhi, na ua wa umeme unaotunzwa.

Inapobaki risasi, hukumu yangu ni hii. Risasi ya .375 yatosha mikononi mwa mpigaji mzuri, na ni ya mwisho kwenda chini. Zile za .500, .505 na .600 ni nzito na teke lake humfanya askari afumbe macho kabla ya kuvuta kifyatulio. Askari anayeogopa bunduki yake hulenga vibaya hata akiwa hatua kumi. Kati ya hizo ndipo pa kusimama: .404 kama ingali inapatikana, .416, au .458 yenye baruti mpya, na kichwa kigumu kisichofunguka. Kati ya hizi tatu ningechagua .416 kwa kina chake na teke linalovumilika, na ningekubali .458 bila kinyongo kwa sababu ndiyo iliyoenea.

Kwa hiyo naomba jambo dogo kwa wanaopanga bajeti ya KWS, na kwa serikali za Kitui na Makueni ambazo zinaweza kulisukuma. Kila kituo kinachopakana na Tsavo na Hifadhi ya Kusini mwa Kitui kiwe na bunduki moja ya aina hiyo, na askari wawili waliofundishwa fuvu la ndovu mfupa kwa mfupa, wapewe risasi za kutosha kufanya mazoezi kila mwezi, na waruhusiwe kusubiri alfajiri. G3 ibaki kwa jangili.